Irudisheni Ekicholong ya Babu

Hapa Isiolo, wageni wa heshima wakitarajiwa nyumbani, mtoto hutumwa mbio kwa jirani kuazima viti vya plastiki. Babu naye huombwa, kwa upole lakini bila mjadala, aiweke ekicholong yake, kigoda cha Kiturkana cha kukalia na kulalia kichwa, nyuma ya mlango. Ati ni kitu cha manyatta. Cha kisasa ni chenye mgongo, kilichokuja na lori.

Nani kasema? Mwaka 1949 msanifu Finn Juhl wa Denmark alibuni kiti kutokana na kiti cha Misri ya kale kilichohifadhiwa katika makumbusho ya Louvre, Paris. Hakuona haya, kikaitwa Kiti cha Misri. Mwaka huohuo alitoa kingine kikubwa, na Mfalme Frederik wa Tisa alipokikalia kwenye maonyesho mjini Copenhagen, kikabaki na jina la Kiti cha Chifu. Chifu, si mfalme! Mdenmaki mwenzake, Ole Wanscher, alichukua kigoda cha kukunja cha Misri hiyohiyo, na hata mgongo hakukiongezea. Leo kazi za mafundi hao huuzwa kwa bei ambayo hapa ingenunua kundi la ngamia, na dunia inaziita usasa.

Tena kaburi la Farao Tutankhamun, lililogunduliwa mwaka 1922, lilikuwa na viegemeo vya kulalia kichwa, vya pembe za ndovu na vya kioo. Sidai kwamba Mturkana alimwiga Farao. Nasema tu kwamba umbo linalotunzwa makumbusho huko, hapa linafichwa.

Na tulichokificha kina akili. Ekicholong huchongwa kwa kipande kimoja cha mti, bila msumari. Huingia mkononi ukienda machungani. Mchana ni kiti, usiku huinua kichwa nywele zisiguse vumbi. Kigoda cha miguu mitatu cha Waborana hakiyumbi hata ardhi ikiwa mbovu kiasi gani. Kiti changu cha plastiki kilizama mguu mmoja mchangani, kikapasuka nikiwa juu yake.

Mwenye magoti mabovu apewe mgongo wa kuegemea, sina ubishi. Na ekicholong ni ya mwenyewe, haikaliwi na kila mtu, kwa hiyo mgeni mpeni plastiki yake. Lakini babu arudishiwe chake, na akikalie palepale sebuleni, mbele ya wageni.