Chunusi za Mja Mzito: Dawa Isizidi Maradhi



Juma lililopita nilimzuru binti wa jamaa yetu, aliyeolewa kutoka Mombasa akaletwa Eastleigh. Mimba yake ni ya miezi mitatu. Nilimkuta amejitanda mtandio mpaka machoni, ilhali yumo chumbani mwake, kwa haya ya chunusi zilizomjaa mashavuni na kidevuni. Mezani palikuwa na vitu viwili: kikopo cha krimu kisicho na jina wala anwani ya mtengenezaji, alichonunuliwa na jirani, na vidonge alivyoachiwa na dada yake aliyewahi kutibiwa chunusi sugu. Krimu alikwisha kuipaka siku tatu. Vidonge, alhamdulillahi, alikuwa bado hajavimeza.

Chunusi za mimba si uchafu, wala si hasadi. Homoni hupanda, ngozi ikatoa mafuta kupita kawaida, vitundu vyake vikaziba. Hazimdhuru mtoto tumboni, na aghalabu hupungua baada ya kujifungua. Kinachoweza kumdhuru ni dawa isiyofaa.

Vidonge vile vilikuwa isotretinoini, dawa ya jamii ya vitamini A. Hata ikimezwa kwa muda mfupi, huweza kuharibu ubongo, moyo, uso na masikio ya kichanga anayeumbika. Ndiyo sababu mwanamke anayeitumia huonywa asishike mimba mpaka upite angalau mwezi mmoja tangu kuiacha. Krimu za jamii hiyo, kama tretinoini na adapaleni, nazo huachwa. Doksisiklini na tetrasiklini pia si za mja mzito, kwani huweza kumtia mtoto madoa ya kudumu menoni.

Ama kile kikopo, hofu yake ni zebaki. Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni tangu mwaka 1998, lakini hadi leo huuzwa kichinichini. Zebaki hupenya ngozi ya mama, ikaingia damuni, ikamfikia mtoto kupitia kondo la nyuma. Krimu ikiahidi kukung'arisha kwa siku chache, nawe huoni imetengenezwa kwa nini, usiipake.

Afanyeje basi? Anawe uso mara mbili kwa siku kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, bila kusugua. Asizitumbue, maana zitaacha makovu. Mafuta ya nazi ayaachie nywele, kwani usoni huweza kuziba vitundu. Akipenda liwa, iwe safi aliyoisaga mwenyewe, si ile iliyochanganywa na mtu asiyemjua. Na ikimwasha, aioshe.

Hayo yasipotosha, dawa zipo. Benzoili peroksaidi na asidi ya azelaiki za kupaka hutumiwa na waja wazito, na daktari aweza kumwandikia klindamaisini ya kupaka. Lakini aulize kwanza kliniki, aseme wazi kuwa ana mimba, na umri wa mimba hiyo. Wakazi wa Eastlands hawako mbali na msaada: Hospitali ya Uzazi ya Pumwani imekuwa ikiwahudumia akina mama tangu mwaka 1926.

Na aliyekwisha kutumia dawa hizi asifiche kwa kuona haya. Aiache, atie kikopo na vidonge mkobani, aende navyo kliniki hima. Muuguzi akiona alichotumia, atajua la kufanya. Binti yetu alifanya hivyo kesho yake.

Nanyi waume, mke anayebeba mwanao asisikie kwako neno la kumcheka uso. Wengi hukimbilia vikopo hivyo kwa sababu ya neno moja lililosemwa nyumbani.

Mwenyezi Mungu awajaalie waja wazito wetu afya, na awaruzuku watoto wema. Amin.