Je, Jangwani Hakuna Wakenya?

Naomba nafasi kidogo katika kurasa hizi za Chama cha Kiswahili nilitoe dukuduku ambalo limenikaa moyoni tangu muhula uliopita.

Siku hiyo mwalimu wa jiografia alitwambia tuchore ramani ya Kenya bila ya kutazama kitabu, kisha tuitie kila tukijuacho. Tukachora. Mombasa tuliijaza pomoni: bandari ya Kilindini, feri ya Likoni, Ngome ya Yesu, na daraja letu la Makupa. Nairobi ikajaa, Kisumu ikajaa, na Mlima Kenya ukatiwa hata theluji yake. Lakini huku juu mkono wa kulia, kutoka mto Tana mpaka Somalia, karibu kila mmoja wetu aliandika neno moja tu: "Jangwa". Mmoja akaongeza ngamia. Darasa likacheka. Mwenzetu mmoja ambaye kwao ni Wajir hakucheka. Alisema kwa sauti ya chini, "Ngamia mumemtia. Watu je?" Jamaa aliyekaa nyuma akamjibu, "Watu gani? Si mashifta nyinyi?" Kicheko kikazidi.

Mimi pia nilicheka. Makala haya ni kafara ya kicheko kile.

Kwanza tuitazame hiyo ardhi tuliyoiacha tupu. Garissa, Wajir na Mandera, ambazo zamani zilikuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki, kwa pamoja ni kama kilomita za mraba 127,000. Hiyo ni zaidi ya sehemu moja katika tano za nchi nzima. Kaunti yetu ya Mombasa ni kama 220 tu! Na msidhani huko kuna mchanga mtupu. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, kaunti hizo tatu zilikuwa na watu karibu milioni mbili na nusu, yaani mara mbili ya watu wote wa Mombasa. Kwa hivyo ramani zetu zilifuta Mombasa mbili nzima, na hakuna aliyegutuka.

Tena hata hilo neno "jangwa" tulilitumia ovyo. Jangwa hasa la Kenya ni Chalbi, kule Marsabit. Wajir na Garissa ni nyika kame yenye vichaka na migunga. Ni kweli mvua ni haba. Mandera hupata kama milimita 250 kwa mwaka, na hapa kwetu ni zaidi ya 1,000. Lakini watu wa huko wanaijua mvua yao kuliko sisi tunavyoijua yetu. Wana majina ya misimu, Gu na Deyr, na wanajua ni lini mifugo ihamishwe na kisima kipi ni cha nani. Mji wa Wajir umesimama kwa sababu ya visima vyake. Mandera ina mto Daua, na kandokando yake watu hulima. Mwisho wa mwaka 2020 ulianza ukame ambao misimu mitano ya mvua ilipita patupu mfululizo, na nchini Kenya mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa. Kisha mwisho wa 2023 mvua ikaja kwa hasira, mafuriko yakachukua nyumba na barabara, na mto Tana ukakata njia ya Garissa na Garsen. Watu wanaovumilia mambo hayo mawili ndani ya mwaka mmoja na wakabaki na heshima zao, si watu wa kuchekwa.

Sasa tujiulize, ni nani aliyetufundisha kuiacha sehemu ile tupu? Si ngamia wala si jua. Ni historia.

Mwaka 1902 Waingereza walipitisha sheria ya kuzifunga wilaya za kaskazini, na mwaka 1934 wakaikaza kwa sheria nyengine. Mtu hakuingia wala kutoka bila ya ruhusa. Waliiita Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, wakaiona ni ukuta tu wa kuwakinga walowezi waliokuwa huku chini. Shule na hospitali hazikuwa katika mawazo yao. Mwaka 1925 wakaikata Jubaland na mji wake wa Kismayu wakawapa Waitaliano, na koo zikajikuta ziko pande mbili za mstari ambao hazikuuchora. Ilipofika 1962 ikaundwa tume ya kuwauliza wenyeji wataka nini. Wengi wakasema wataka kuungana na Somalia. Uhuru ulipokuja Desemba 1963 hawakupata walichotaka, na badala yake mwezi huo huo wakatangaziwa hali ya hatari. Vita vya shifta vikaendelea mpaka 1967. Vita viliisha, lakini sheria zile za hatari hazikuondolewa mpaka 1991. Yaani aliyezaliwa Wajir mwaka wa uhuru alifika miaka 28 kabla ya kuujua huo uhuru.

Katikati ya miaka hiyo yako mengine. Mwaka 1965 serikali ilitoa waraka wake mashuhuri, Waraka nambari 10, uliosema kwamba fedha za maendeleo zitiwe penye ardhi nzuri, mvua na barabara, maana ndipo zitakapozaa haraka. Kwa maneno mengine, aliye nacho aongezewe. Februari 1984 wanaume walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na mji wa Wajir, wakawekwa juani siku kadhaa, na mamia wakafa mikononi mwa maaskari wa nchi yao. Mwaka 1989 Wakenya Wasomali peke yao waliamrishwa kuchujwa upya na kupewa kadi ya pili ya kuthibitisha kuwa ni Wakenya. Wahenga walisema, akufukuzaye hakwambii toka. Hakuna aliyewaambia watu wale "tokeni Kenya". Waliambiwa tu, kila siku na kwa kila njia, "leta karatasi." Ndiyo maana hadi leo utamsikia mzee wa Mandera anayepanda basi la Nairobi akisema, "Naenda Kenya." Sisi twamcheka. Lakini je, nani aliyemwambia kwamba hayuko Kenya?

Hapa mwenzangu wa Makupa ataniuliza, "Sasa hayo yatuhusu nini sisi?"

Yatuhusu sana! Sisi nasi tu watu wa ukingoni. Ukanda huu wa pwani wa maili kumi ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, na Waingereza wakausimamia kwa mkataba tangu 1895. Bendera yake ilipepea Ngome ya Yesu mpaka mwaka wa uhuru. Mapatano ya kuuingiza ukanda huu katika Kenya yalitiwa sahihi Oktoba 1963, miezi miwili tu kabla ya uhuru. Na miaka michache iliyopita ni nani kati yetu ambaye hakuyaona maneno "Pwani si Kenya" katika kuta za mji huu? Basi yule wa kaskazini anayesema "Naenda Kenya" na huyu wa pwani aliyeandika "Pwani si Kenya" wana jeraha moja. Wote wawili walihisi kuwa nchi iko mahali pengine.

Tena kuna hiki kitambulisho, ambacho wazee wetu mpaka leo wakiita kipande. Hapa Mombasa kuna vijana wa Kiswahili, wa Kiarabu na wa Kisomali waliofika miaka 18, wakenda kujiandikisha, wakaulizwa, "Kipande cha babu yako kiko wapi?" Babu mwenyewe yu kaburini tangu zamani, na pengine alizaliwa kabla ya vipande kuanza. Mwenzake wa kidato kimoja, waliosoma naye dawati moja, apata chake bila ya maswali. Bila kipande huwezi kufungua akaunti, huwezi kupata kazi, huwezi kupiga kura, na ukikutana na polisi usiku pale mzunguko wa Makupa wajua mwenyewe kitakachokupata. Kule Garissa mambo yalizidi. Kambi za Dadaab zilipofunguliwa mwaka 1991, wako Wakenya waliojiandikisha kama wakimbizi wapate unga na maji wakati wa ukame. Watoto wao walipokua wakaambiwa, "Nyinyi ni wakimbizi," na maelfu wakakosa vipande katika nchi waliyozaliwa. Njaa ya mzazi ikawa hatia ya mwana.

Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitangaza kuondolewa kwa mchujo ule wa ziada. Twashukuru. Lakini amri ya juu huchelewa kufika dirishani. Yule karani aliyezoea kuuliza habari za babu, ni nani atakayemfundisha kutouliza?

Najua kuna watakaonijibu, "Wewe wasema tu. Na usalama je?" Hilo si swali la kupuuzwa. Novemba 2014 abiria 28 waliuawa karibu na Mandera baada ya kutolewa katika basi na kutengwa kwa dini zao. Aprili 2, 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi waliokuwa wakubwa kidogo tu kuliko sisi. Walimu wengi kutoka mikoa mingine wakakimbia, na shule za kule zikabaki na watoto bila ya walimu. Damu hiyo haifutiki, nami simlaumu mzazi anayeogopa kumpeleka mwanawe huko.

Lakini tukumbuke na lililofuata. Desemba 2015 magaidi walisimamisha basi jengine katika njia ya Mandera, wakataka tena abiria watengwe. Safari hii abiria Waislamu walikataa. Waliwaambia wale watu wawaue wote au wawaache wote. Mmoja wao, mwalimu Salah Farah, alipigwa risasi, na mwezi uliofuata akafariki. Basi niambieni, Mkenya ni nani? Ni yule anayejua babu yake alizikwa wapi, au ni huyu aliyekubali kufa ili Mkenya mwenziwe asitengwe? Mwalimu Farah hakuulizwa karatasi siku ile.

Na si yeye peke yake. Miaka ya mwanzo ya tisini koo za Wajir zilipigana vibaya mno. Hata sokoni mwanamke wa ukoo huu hakumuuzia wa ukoo ule. Ndipo kina mama wachache, miongoni mwao Dekha Ibrahim Abdi, wakaamua imetosha. Hawakungojea serikali. Walianza pale pale sokoni: kila mwanamke ana haki ya kuuza na kununua kwa yeyote, na wakaweka watu wa kuangalia kwamba hakuna anayezuiwa. Soko likatulia. Kisha wakawafuata wazee, wakawaleta vijana, na mwaka 1993 wazee wa koo wakafanya mapatano ya amani. Mwaka 2007 Bi. Dekha alipewa tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood. Alifariki mwaka 2011 baada ya ajali ya barabarani. Sisi katika somo la uraia hukariri mihimili mitatu ya serikali, lakini uraia wenyewe ulifundishwa na mama muuza maziwa katika soko la Wajir.

Sisemi kwamba kila kitu huko ni kizuri. Tangu serikali za kaunti zianze mwaka 2013, fedha zimefika ambazo hazikuwahi kufika tangu uhuru, na lami na hospitali zimeonekana. Lakini sasa mzee hawezi tena kuilaumu Nairobi kwa kila kitu. Kisima kikijengwa katika makaratasi tu, mwizi ni wa nyumbani. Pia ule mtindo wa wazee kugawana viti kabla ya uchaguzi umeleta utulivu, lakini mara nyingi humwacha nje mwanamke na mtu wa ukoo mdogo. Walioonja kutengwa wasije nao wakawa watengaji.

Namalizia. Sisi wa Makupa twaishi mlangoni. Kila anayeingia kisiwani kwa njia ya Nairobi hupita hapa petu, na mlango una kazi mbili, kufunga na kufungua. Nawaomba wanafunzi wenzangu tuache haya majina ya "shifta" na "warya" tunayoyatupa uwanjani kama mzaha. Mzaha hutumbua usaha. Nawaomba walimu wetu watufundishe Wagalla kama wanavyotufundisha Lari na Hola, maana damu yote ni ya Kenya. Na chama chetu kiandikiane na chama cha Kiswahili cha shule mojawapo ya Wajir au Garissa. Kiswahili chao kina ladha nyengine, lakini ni Kiswahili, na tutaelewana.

Kwa yule mwenzangu wa darasani, nimeichora upya ile ramani. Nimetia Daua, Lorian, Dadaab, Habaswein, El Wak, na soko la kina mama. Ngamia nimemwacha, maana naye ni wenu. Lakini safari hii nimetia watu kwanza.