Msimnunulie Mwanafunzi Printa ya Bei ya Chini

Imeenea katika mitaa ya Eastlands, tangu Kaloleni na Makongeni hata Jericho, itikadi ya kwamba mzazi wa kipato kidogo, akitaka kumsaidia mwanawe aliye chuoni au katika shule ya upili, hana budi kumnunulia printa ya bei ya chini kabisa iliyoko dukani, ilimradi inachapa, inatoa kopi, inaskani, na inapokea kazi kutoka kwenye simu bila waya. "Chukua hiyo ya elfu nane," huusiana majirani, "mambo ya wino mtaona mbele." Nasema pasi na kusitasita kwamba wasia huo ni batili, na kwamba katika bidhaa zote zinazouzwa kwa jina la mwanafunzi, sijui nyingine inayomtoa pesa mtu asiye nazo kwa hadaa iliyo dhahiri kama hii.

Na hadaa yenyewe si siri. Watengenezaji wa printa za katriji huridhia faida haba, pengine hata hasara, katika kuuza mashine, kwa kuwa wanajua kwamba aliyekwisha kuinunua atarudi kwao kutafuta wino muda wote atakaoishi nayo. Na kwa sababu hiyo bei iliyobandikwa kwenye sanduku haimwambii mnunuzi lolote juu ya gharama ya kuchapa. Tazama katriji nyeusi ya HP nambari 305, iliyo mfano wa aina hii: imekadiriwa kutoa kurasa 120 hivi, na makadirio hayo hupimwa kwa kurasa za majaribio zilizokubaliwa kimataifa, si kwa kazi za mwanafunzi zenye ramani, grafu na picha zilizojaa ukurasa mzima. Tuseme muuzaji wa Luthuli Avenue ameiuza kwa shilingi 1,800. Kila ukurasa basi umekula shilingi 15 za wino kabla karatasi haijahesabiwa, ilhali saiba za mtaani aghalabu hutoza shilingi 10, karatasi na umeme vikiwa juu yao. Kwa hesabu hiyo mashine haiwezi kujilipa hata mwanafunzi akiichapia miaka kumi, kwa maana kila ukurasa unaotoka humzidishia mwenyewe hasara. Atasema mtu kwamba zipo katriji kubwa, za XL, zenye kurasa 240. Zipo kweli, lakini bei yake nayo hupanda, na nafuu inayobaki ni akali mno kuweza kuigeuza hesabu.

Mashine ya tangi, ambayo Epson ilianza kuiuza Indonesia mwaka 2010 na ambayo leo Canon na HP nao wanayo ya kwao, ina hesabu nyingine kabisa. Epson L3250, kwa mfano, huchapa, hutoa kopi, huskani na ina Wi-Fi, na chupa yake moja ya wino mweusi, yenye mililita 65, imekadiriwa kutoa kurasa 4,500. Hata chupa hiyo ikiuzwa shilingi 1,500, wino wa ukurasa mmoja haufiki senti 35. Ongeza karatasi, na ukurasa mzima hauzidi shilingi 2. Tukikadiria mashine kwa shilingi 26,000, na kila ukurasa ukiokoa shilingi 8 ambazo zingekwenda saiba, itakuwa imejilipa ikishatoa kurasa 3,250.

Kurasa hizo si chache, na insafu yanilazimu kukiri kwamba mwanafunzi mmoja anayechapa insha mbili kwa muhula atahitimu kabla hajazifikia. Huyo hahitaji printa ya aina yoyote, na anayemshawishi anunue amemdhulumu. Lakini nyumba yenye wanafunzi watatu, mmoja wao akiwa katika madarasa ya mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa mwaka 2019, na ambao wazazi wamelalamikia tangu mwanzo kwa sababu ya picha na kazi za mradi wanazotumwa kuzichapisha usiku, itazimaliza kurasa hizo mapema. Basi mwenye kurasa chache yafaa aende saiba, na mwenye kurasa nyingi anunue mashine ya tangi. Ile ya elfu nane haimfai huyu wala yule, na hilo ndilo ambalo majirani wanaousiana hawajakaa chini kulitafakari.

Kuna pia hofu kwamba mashine isiyo na waya itamaliza bando la mzazi. Printa nyingi za leo, hiyo L3250 ikiwamo, zina Wi-Fi Direct, yaani simu huzungumza na mashine moja kwa moja pasipo intaneti kuwapo wala ruta kununuliwa. Programu ikishapakuliwa mara moja, kazi iliyomo katika simu huchapwa bila kutumia data. Na gharama ya mashine yaweza kugawanywa: hapa Kaloleni, ambako nyumba zilizojengwa miaka ya 1940 zilipangwa kuzunguka viwanja vya pamoja, na ambako watu wangali wanajuana mlango kwa mlango, sioni kinachozuia jamaa watatu kuchanga na kununua mashine moja, ikakaa kwa mmoja wao, na watoto wakaiendea huko kwa zamu, kila nyumba ikileta karatasi zake.

Wenye kuchanga wafahamu kwamba tangi nalo lina masharti yake. Sehemu ya wino wa kwanza huishia katika kujaza mirija na kichwa cha kuchapia, kwa hiyo chupa za mwanzo hazitatoa kurasa zilizoahidiwa. Na mashine ikiachwa wiki nyingi bila kazi, matundu huziba, na kuyasafisha hunywa wino mwingi. Ichapishwe walau ukurasa mmoja wa rangi kila wiki, na ifunikwe nguo, maana vumbi la Jogoo Road halina msamaha.

Juu ya mashine zilizotumika Ulaya, zile ziitwazo eks-UK, nina tahadhari. HP imezigawanya katriji zake kwa maeneo ya dunia, na mashine iliyozoeshwa za Ulaya huweza kuzikataa zinazouzwa Nairobi. Fauka ya hayo, zilizosajiliwa katika mpango uitwao HP+ hudai intaneti wakati wote na wino wa HP peke yake. Na aliyekwisha kununua mashine ya katriji asikubali kutishwa kwamba kuijaza katriji upya ni wizi: mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Lexmark na kampuni ndogo ya Impression Products, iliamua kwamba mtengenezaji akishaiuza katriji, haki yake ya hataza juu yake imekwisha.

Mwenye shilingi 8,000 mkononi, basi, na aziweke kwa ajili ya saiba, ambako zinamtosha kurasa 800, karatasi ikiwamo. Na muuzaji atakayemwambia kinyume cha haya na amwandikie kwenye risiti bei ya katriji na idadi ya kurasa zake, ili hesabu ifanywe pale pale kauntani kabla pesa hazijatolewa.