Jirani akitaka kubomoa ukuta

JIRANI wa ghorofa ya tatu anabisha hodi Jumamosi jioni, ramani mkononi. Ameinunua nyumba ile na sasa anataka kubomoa ukuta kati ya jikoni na sebule, na kuongeza choo cha pili. Wewe unaishi chini yake. Utamjibuje?

Wengi wetu husema, "Kwake ni kwake," tukanyamaza. Mimi nilinyamaza hivyo wakati mmoja. Bafu la juu likahamishwa, maji yakashuka hadi kitandani mwa watoto, tukarushiana maneno ngazini. Dari ilikarabatiwa. Ujirani haukukarabatiwa.

Kwanza, mshukuru. Aliyekuja kuuliza amekuheshimu. Mkaribishe chai, kisha umuulize taratibu: Ukuta huo umebeba sakafu ya juu, ama ni wa kugawa vyumba tu? Maji machafu ya choo kipya yatapitia wapi? Kukiharibika kitu kwangu, nani atalipa?

Swali la kwanza halijibiwi na fundi wa mjengo kwa kuugonga ukuta kwa nyundo. Hilo ni jukumu la mhandisi aliyesajiliwa, na jibu lake liwe kwa maandishi. Nairobi haijasahau mkasa wa Huruma wa Aprili 2016, jengo la ghorofa lilipoporomoka na kuua watu takriban 50. Lile lilijengwa kando ya mto bila idhini. Lakini hata jengo imara laweza kudhoofishwa na mtu mmoja mwenye haraka.

Pili, msiyamalize wawili tu. Chini ya sheria ya mwaka 2020 kuhusu umiliki wa nyumba katika majengo ya pamoja, kila mwenye nyumba ana hati yake, lakini sehemu kama ngazi ni mali ya wote, na wenye nyumba wote huunda shirika lenye kamati. Ombi lipelekwe huko, na idhini ya serikali ya kaunti itafutwe kabla ya nyundo kuinuliwa. Kama wewe ni mpangaji, mjulishe mwenye nyumba wako mapema.

Tatu, andikianeni. Saa za kelele ni zipi? Kifusi kitaondolewa lini? Maji yatafungwa siku gani? Pigeni picha za dari na kuta zako kabla ya kazi kuanza, mkiwa pamoja, ili kesho pasiwe na ubishi kuhusu ufa wa zamani na ufa mpya. Na kama una mtoto anayejiandaa kwa mtihani wa kitaifa, sema wazi. Mzazi mwenzako ataelewa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Swali moja la leo, kwa upole, litakuepusha na kesi ya mwaka ujao.