Butembo-Beni: Jino lililong'oka uwanjani linaokolewa papo hapo, si hospitalini

Kwenye viwanja vya mpira vya Butembo na Beni, Kivu Kaskazini, kiwiko au kichwa cha mpinzani kinatosha kung'oa jino la mbele. Kosa kubwa ni kulitupa, au kulifunga ndani ya karatasi hadi kesho yake. Jino hilo linaweza kurudishwa na kushika tena, lakini muda wake ni mfupi.

Sababu iko kwenye mzizi. Umezungukwa na chembe hai zinazolishikanisha jino na mfupa. Jino likikaa kavu kwa dakika 60, karibu chembe zote huwa zimekufa.

Hapo ndipo shida ya eneo hili inapoonekana. Kati ya Butembo na Beni kuna kilometa zaidi ya 50, na usalama mdogo unafanya watu waogope kusafiri giza linapoingia. Anayengoja kufika kwa daktari wa meno ndipo jino lirudishwe, mara nyingi atachelewa. Kwa hiyo, wa kwanza kuokoa jino ni kocha, mwalimu wa michezo au mchezaji mwenzake.

Miongozo ya mwaka 2020 ya shirika la kimataifa la majeraha ya meno, IADT, inaeleza hatua zenyewe. Jino lishikwe upande wa juu unaoonekana mdomoni, si kwenye mzizi. Likiwa chafu, lisuuzwe kidogo bila kusuguliwa, lirudishwe kwenye tundu lake, kisha mchezaji aume kitambaa. Ikishindikana, liwekwe ndani ya maziwa, au mate yake mwenyewe, na mgonjwa apelekwe haraka. Maji ya kawaida hayafai kulihifadhi, ingawa ni afadhali kuliko kuliacha likauke.

Meno ya utoto hayarudishwi, maana yanaweza kuharibu jino la kudumu linaloota chini yake. Na mchezaji aliyezimia asiwekewe kitu mdomoni. Uhai wake unatangulia jino.

Daktari bado anahitajika: hulifunga jino na meno jirani kwa wiki 2 hivi, na huangalia chanjo ya pepopunda.

Viongozi wa timu na wa shule hawangoji mfadhili kwa jambo hili. Mtu mmoja aliyefundishwa hatua hizo na chupa ya maziwa kutoka duka la karibu vinatosha kuanzia.