Usiseme “ni imbwa tu”

Ndugu zangu wa Mantapala, wazee, mamans, vijana, na ninyi watu wa mashirika: najua wengi watacheka. Mucheke, lakini musome mpaka mwisho. Nasema juu ya namna mbwa wetu wanavyokufa.

Mtoto mmoja wa kikundi changu cha vijana alikuwa na mbwa mzee. Uvimbe mkubwa ulimtoka tumboni, akakonda, akawa wa kulala tu. Mtoto alimfunika na gunia, akamletea maji na uji. Siku ya tatu watu wazima wawili walimfunga kamba shingoni, wakamburuta mpaka porini, wakammaliza kwa rungu na kumwacha palepale. Mtoto alilia. Wakamwambia: “Ni imbwa tu, wacha kulia.”

Huyu mtoto alivuka mpaka mwaka 2017, mgongoni mwa mama yake. Baba yake alibaki Kongo, na kaburi lake hakuna anayelijua. Kesho yake tulichukua jembe, tukaenda kumzika mbwa. Tulipomaliza kufukia, akaniuliza: “Na papa, walimuchimbia shimo?” Sikuwa na jibu.

Sasa nasikia mtu anasema: “Bantu banakosa bunga, weye unasemea imbwa?” Ndiyo, nasemea mbwa. Sijaomba unga wa mbwa. Kivuli hakinunuliwi. Maji kidogo na mtu wa kukaa karibu havinunuliwi. Shimo ni jembe na saa moja ya kazi. Kinachokosekana ni moyo, si pesa. Na mtoto anayeona mlinzi wa nyumba anaburutwa siku nguvu zimemwisha, anajifunza nini juu ya bibi yake ambaye naye hatoki tena kitandani?

Wachungaji wengine wanasema mnyama hana roho, basi kumlilia ni dhambi. Sina shule ya teolojia, lakini Biblia naisoma. Lazaro alipolala mlangoni kwa tajiri na vidonda vyake, ni nani waliomkaribia? Mbwa. Watu walipita. Na nabii Natani, alipotaka kumwonyesha mfalme Daudi dhambi yake, alimsimulia juu ya maskini aliyelea mwana-kondoo mmoja kama binti yake. Daudi hakusema “ni kondoo tu”. Alikasirika. Kama mnyama ana roho, Mungu ndiye anajua. Mimi najua kwamba mtoto anayo, na ilikuwa imefungwa na ya yule mbwa.

Tusidanganyane pia: kichaa cha mbwa kiko, na kinaua. Mbwa aliyebadilika tabia ghafla, anayeuma ovyo, anayetoka mate mengi, anayepooza au kushindwa kumeza, huyo si wa kukumbatia. Watoto wakae mbali, aitwe mtu wa mifugo. Ukiumwa au kukwaruzwa, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha kimbia kliniki siku ileile kwa ajili ya chanjo. Dalili zikishatokea kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Lakini hofu ya kichaa isiwe ruhusa ya kupiga rungu kila mbwa aliyezeeka.

Ninyi watu wa mashirika, munajua habari ya Cicely Saunders, mwanamke aliyefungua nyumba ya kutunza wagonjwa wa mwisho huko London mwaka 1967. Alifundisha kwamba maumivu ya anayekufa si ya mwili peke yake: kuna ya moyo, ya familia, na ya roho. Basi mtoto akija kwenye mazungumzo yenu analilia mbwa, musiandike “hakuna tatizo”. Mara nyingi mbwa ni mlango tu, na nyuma yake kuna wafu ambao hatukuwazika.

Ninaomba mambo matatu. Siku ya kuchanja mbwa, mtu wa mifugo atufundishe pia namna ya kumtunza mbwa anayekufa, na anapoteseka bila tumaini, amalize mateso yake kwa sindano, si sisi kwa rungu. Kila bloku ichague mahali pa kuzika wanyama, mbali na visima, shimo liwe refu ili wengine wasifukue. Na mtoto asinyang'anywe nafasi ya kumuaga rafiki yake, hata kwa neno moja, isipokuwa pale kichaa kinaposhukiwa.

Tulikimbia mahali ambapo watu walitupwa porini bila kaburi. Tusifundishe watoto wetu hapa Nchelenge kwamba ni jambo la kawaida, hata kama leo aliyetupwa ni mbwa.