Tusiharakishe Kuyajenga Upya Magofu

Mpenzi msomaji, ukijaliwa siku moja kufika Gyeongju, nchini Korea Kusini, usikubali dereva aende kasi katika njia itokayo uwanja wa hekalu la Hwangnyongsa hadi bwawa la Wolji. Njia hiyo haifiki hata kilomita mbili, lakini ina funzo kubwa la uraia.

Gyeongju ulikuwa mji mkuu wa ufalme wa Silla, ulioanguka mwaka 935. Ujenzi wa Hwangnyongsa ulianza mwaka 553, na mwaka 645, enzi ya Malkia Seondeok, ukakamilika mnara wake wa mbao wenye orofa tisa. Wamongolia waliuteketeza mwaka 1238. Leo utaona nyasi na mawe ya msingi yaliyopangwa safu kwa safu. Wolji, lililochimbwa mwaka 674, ni bwawa la kasri. Huko mabanda matatu yamejengwa upya, taa huwashwa usiku, na watalii husongamana.

Wapo wanaotaka mnara nao ujengwe upya. Hoja yao si ya kupuuzwa: mwacha asili ni mtumwa, na utalii huleta riziki. Hata hivyo, mimi sikubaliani nao.

Bwawa la Wolji lilipofukuliwa mwaka 1975 na 1976, vilipatikana vitu zaidi ya 30,000, ikiwemo dadu ya mbao yenye pande 14. Kwa bahati mbaya, dadu hiyo iliungua ilipokuwa ikikaushwa. Tunayoiona leo ni nakala, na nakala hiyo ni ya kuaminika kwa kuwa ile ya asili ilikwisha kuchunguzwa na kupimwa. Mnara haukubahatika hivyo: hakuna ajuaye kwa yakini sura yake kamili. Tukiusimamisha kwa kukisia, juu ya mawe yale yale, tutakuwa tumefunika ushahidi kwa dhana, na kizazi kijacho kitaipokea dhana hiyo kama historia.

Urithi wa umma ni amana. Aliyekabidhiwa amana huilinda kama alivyoipokea. Haongezi ya kwake kisha akadai ndivyo ilivyokuwa.

Basi ukifika, shuka garini kabla ya kuzifuata taa za Wolji. Simama kati ya mawe yale, uhesabu safu zake, kisha ujiulize: je, uwanja huu umepungukiwa na jengo, au na watu wenye subira ya kuusoma? Nijibu kwa hoja, si kwa jazba.